Mstari Mmoja Tu

Mpendwa dada,

Pokea salamu zangu, za wifi yako na za watoto. Natumaini barua hii itawakuta wewe na shemeji mkiwa wazima, na kwamba ule mgongo wako uliokuwa ukikusumbua umetulia sasa. Sisi huku afya tunayo, tunashukuru. Mwanangu mkubwa ameota ndevu chache na anazinyoa kila asubuhi kwa heshima zote, kama mtu anayesubiriwa ofisini. Mdogo ameng'oka jino la mbele, kwa hiyo sala ya chakula siku hizi inaombwa kwa mbinja. Wifi yako bado anashona sare za shule, cherehani haipumziki. Nyumba ina ukimya tusiouzoea, lakini tutauzoea.

Najua simu niliyokupigia siku ya msiba ilikuwa fupi. Nilisema Baba amefariki, ukasema poleni, halafu tukanyamaza wote wawili mpaka mtandao ukatuonea huruma ukakata. Hukuja kuzika, na mimi sikulaumu. Ndugu waliouliza niliwajibu kwamba uko mbali, nao wakatikisa vichwa kana kwamba umbali wenyewe ni wa barabara. Yapo mambo niliyoshindwa kuyasema siku ile, na kila nilipokupigia tena nilijikuta nakuuliza kama huko mvua zimeanza. Ndiyo maana leo nimekaa mezani nikashika kalamu. Naomba uisome barua hii mpaka mwisho, hata kama katikati utatamani kuichana.

Unajua kwamba Baba alihamia kwetu baada ya kiharusi cha kwanza. Usichojua ni jinsi alivyokataa. Alisema hawezi kulala chini ya paa la mchungaji asiyeamini gharika. Lakini mguu wa kushoto ulikuwa umegoma, na mtu hawezi kuishi peke yake kwa kushikilia kuta, hata kama kuta hizo kazijenga mwenyewe. Akaja na sanduku lake la bati, Biblia yake iliyofungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na mwiko, timazi na pimamaji vikiwa ndani ya gunia, ingawa sote tulijua hatapanga tofali tena. Kabla hata ya kuketi alizunguka chumba hadi chumba akigonga kuta kwa mkongojo, huku watoto wakimfuata nyuma wakijizuia kucheka. Kwenye kona ya sebule akaweka shavu ukutani, akafumba jicho moja, akamwambia wifi yako kwamba aliyeijenga nyumba hii alikuwa na miadi mahali pengine.

Unamkumbuka alivyokuwa. Mafundi wenzake walimwita Fundi Imeandikwa, kwa sababu hapakuwa na swali asilolijibu kwa neno hilo. Kibarua akichelewa, imeandikwa. Mchanga ukizidi kwenye zege, imeandikwa. Siku sita alijenga, siku ya saba akahubiri, na kwake kazi hizo mbili zilikuwa kazi moja: ukuta ama umesimama wima ama umepinda, na Neno ama limesema ama halikusema. Hakuwa na moyo mgumu, dada. Nadhani hata wewe, pamoja na yote, hutanibishia hilo. Alikuwa mtu aliyeogopa kukosea kipimo, maana aliwahi kuona nyumba iliyojengwa na fundi mwingine ikiangukia watu.

Yaliyokupata wewe sina haja ya kukusimulia. Nayaandika tu ili ujue kwamba nami niliyaona. Mume wako wa kwanza aliondoka na mwanamke mwingine, akakuacha unamsubiri mpaka majirani wakachoka kukuuliza. Ulipompata huyu wa sasa ukamleta nyumbani kama mtoto mwenye adabu anavyofanya. Baba akasimama mlangoni na Biblia mkononi. Akasoma pale panaposema kwamba mwanamke akiwa na mume mwingine wakati wa kwanza yu hai ataitwa mzinzi. Halafu akafungua mbele kidogo, pale waumini wanapoambiwa kwamba mtu wa namna hiyo wasikae naye hata mezani. Alipomaliza akaenda uani kusugua ndoo ambayo tayari ilikuwa safi. Chakula alichoandaa Mama kilipoa, na wewe ukaondoka na mgeni wako bila kuonja hata maji. Miaka ikapita. Mama alipofariki ulikuja, ukala ukiwa umesimama jikoni kwa jirani, na Baba akala ndani na wanaume. Nilikuwa nimetoka chuo cha theolojia kwa ruhusa ya msiba, na begi langu lilijaa vitabu vya kueleza kwa nini mambo kama hayo hayapaswi kuwa hivyo.

Hujawahi kuliona kanisa langu. Ni jengo refu lililokuwa ghala la magunia. Ukikaa nyuma bado unasikia harufu ya katani. Tuna viti vya plastiki, spika moja inayokoroma, na washarika ambao wengi wao hawakutakiwa kule walikotoka: watu walioachika, binti aliyezaa kabla ya ndoa, mwalimu wa sayansi aliyeuliza maswali mengi kuliko yaliyohitajika. Mimi huwaambia kwamba Biblia ni maktaba. Ndani yake mna mashairi, mna historia, mna sheria za watu walioishi jangwani, mna barua za watu wenye hasira na barua za watu wenye mapenzi, na shairi halisomwi kama risiti ya dukani. Huwaambia kwamba Mungu ni mkubwa kuliko wino. Watu hutoka pale wakiwa wepesi, na mimi hutoka nikijiona mtu wa maana.

Jumapili ya kwanza tulipompeleka Baba kanisani, nilihubiri habari za Yona. Nikasema tusipoteze muda kubishania ukubwa wa tumbo la samaki, kwa kuwa hadithi yenyewe haimjali sana samaki. Inamjali mtu aliyenuna kwa sababu Mungu amewasamehe watu ambao yeye alitaka waangamie. Sijamaliza sentensi nikasikia mkongojo unagonga sakafu kule mbele.

“Samaki alimmeza!” Baba akasema, kwa ile sauti yake ya kuitisha ndoo ya zege kutoka ghorofani.

Kanisa lote likacheka, mimi pia nikacheka. Ibada ilipokwisha mwalimu wa sayansi alikwenda kumshika mkono, akamwambia amefurahi kukutana na mtu anayesema anachoamini. Baba akamshukuru, halafu akamuuliza kama ameokoka.

Nyumbani alikula vizuri. Kisha akaweka kijiko chini na kuniambia, kwa upole ulionishangaza, kwamba hanikasirikii, ananiogopea. Alisema mtu akichomoa tofali la msingi kwa sababu halimpendezi, nyumba haianguki siku ile, inasubiri mvua. Kama samaki hakummeza Yona, akasema, basi nani atamhakikishia kwamba kaburi lilikuwa tupu? Na kama kaburi halikuwa tupu, mama yenu nimemlaza wapi?

Nilikuwa na jibu. Mimi huwa nina jibu, wewe mwenyewe ulinitania hivyo tangu tukiwa wadogo. Nikamweleza tofauti ya mfano na taarifa, nikamweleza jinsi watu wa kale walivyosimulia mambo, nikataja na wataalamu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaomba maji. Tulipokuwa tunaosha vyombo wifi yako aliniambia kwamba mzee aliuliza habari za Mama, nami nikamjibu habari za Yona. Nikamwambia hajaelewa.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Nisikudanganye kwamba zilikuwa siku mbaya. Tulibishana barazani kila alasiri kama watu wanaocheza bao, na nadhani alifurahia. Aliwafundisha watoto kushika pimamaji, wakapima meza, kitanda, na tumbo langu nikiwa nimelala. Mkubwa alimuuliza kama kweli dunia iliumbwa kwa siku sita. Baba akasema ndiyo, na kwamba fundi wa siku hizi angeomba mwaka mzima na bado asingeweka madirisha. Jina lako halikutajwa. Mimi sikulitaja kwa sababu nilikuwa nasubiri alitaje yeye, na nilikuwa na uhakika kwamba siku akilitaja nitajua la kusema.

Kisha likaja lile sweta ulilompa mfanyakazi mwenzako alete alipokuwa anasafiri kuja huku. Wifi yako alilifungua, akaona ulivyochagua lenye vifungo vikubwa ambavyo mtu anaweza kuvifunga kwa mkono mmoja, akakaa kitandani akalia kidogo. Mimi nilisema tumwambie Baba limetoka kwa watu wa kanisani. Yeye akakataa. Akaenda akaliweka mapajani mwake na kumwambia wazi kwamba limetoka kwa binti yake. Baba alikaa nalo mapajani asubuhi yote, akilipapasa pindo kama anavyopapasa plasta iliyokauka. Mimi nilijiandaa kwa hotuba. Kumbe mzee alikuwa anafikiri. Kabla ya chakula cha mchana alimwita wifi yako amsaidie kuingiza ule mkono wa kushoto.

“Imeandikwa msile naye,” akamwambia wakati anafungwa kifungo cha juu. “Hawakuandika msivae.”

Tangu siku hiyo hakulivua, dada. Hata jua lilipowaka mpaka bati likalia, yeye alikaa barazani na sweta lake, jasho linamtoka, na ole wake aliyemwambia alivue. Ikabidi wifi yako awe analiiba mzee akiwa usingizini ili alifue.

Baada ya hapo nilimwona anasoma kwa namna nyingine. Macho yake yalikuwa yamechoka, kwa hiyo aliazima kioo cha kukuzia maandishi ambacho mdogo alipewa shuleni kwa ajili ya kutazama wadudu. Alisoma taratibu, kidole juu ya karatasi, akirudi nyuma, akienda mbele. Na akaanza kuuliza maswali kana kwamba yamempitia tu kichwani. Je, kuongea na mtu kwenye simu ni sawa na kukaa naye mezani? Watu wawili wakila saa moja, mmoja huku na mwingine nchi nyingine, wamekula pamoja? Mtu akipika chakula akaondoka, wewe ukakila hayupo, umekula naye au umekula chake?

Mimi nilicheka. Nilimwambia wifi yako kwamba hapo ndipo mtu anapofikishwa na kusoma kwa herufi: mzee mzima anatafuta tundu kwenye ukuta alioujenga mwenyewe. Nilifikiri nimesema neno zuri. Wifi yako hakucheka. Alisema mtu anayetafuta tundu ni mtu anayetaka kutoka.

Sasa nimefika mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu mwanzo wa barua hii.

Ilikuwa alasiri. Nilikuwa barazani naandaa mahubiri, Baba yuko kwenye kiti chake, na ndani cherehani inalia. Akaniambia niweke kalamu chini. Nikaiweka.

“Wewe umesoma,” akasema. “Mimi nimesoma Biblia hii tu, tena kwa Kiswahili tu. Nitafutie mstari.”

Nikamuuliza mstari wa nini.

“Wa kumwita dada yako.”

Alisema ametafuta na hajapata unaomtosha. Inayomkataza iko wazi, kila mtu anaiona. Inayomruhusu anaiona kwa mbali, lakini haijanyooka, na yeye hawezi kusimama juu ya kitu kisichonyooka. Alitaka mmoja tu, akasema. Uwe wazi. Uwe umeandikwa.

Dada, nilikuwa nimesubiri maneno hayo miaka mingi. Na yalipokuja, unajua nilifurahia nini? Nilifurahia kwamba nimeshinda. Nilimwambia kwamba mimi sitafuti mistari, kwamba hilo ndilo jambo ninalolipinga kila Jumapili: watu kuchomoachomoa mistari, huyu wa kufunga mlango na yule wa kuufungua, kama mawakili mahakamani. Nikamwambia akuite kwa sababu wewe ni mtoto wake, basi.

“Hilo nalijua,” Baba akasema. “Siulizi kama ni mwanangu. Nauliza kama nina ruhusa.”

Nikamwambia kwamba siku atakapokuita bila mstari ndiyo siku atakayokuwa ameielewa Biblia. Nilisema hivyo hivyo, kwa sauti ya mimbarini, kwa mtu aliyenifundisha kusoma kwa kidole chake mwenyewe kwenye kurasa zile zile. Ndani cherehani ilikuwa imenyamaza. Wifi yako alikuwa amesimama dirishani. Baba akasema basi, sawa. Akaniomba nimgeuze kiti, jua linampiga usoni.

Wifi yako alinivuta jikoni. Aliniambia nimpe mzee anachoomba. Alisema mimi nataka Baba aje kwa njia yangu, wakati yeye anakuja kwa njia yake, na anakokwenda ni kule kule. Nikamjibu kwamba nikimpa mstari leo, kesho mtu mwingine atampa mstari mwingine, na tutakuwa hatujajenga kitu. Nilitaka abadilike kabisa, siyo kwa kibali. Nilidhani muda upo. Akichemka siku mbili tatu, nilisema, atapiga simu mwenyewe.

Na mstari ulikuwepo. Hilo ndilo ninalotaka ulijue, na ndilo lililonifanya niandike. Siyo kwamba nilishindwa kuupata. Ulinijia kichwani kabla hata Baba hajafunga mdomo. Ni ile habari ya mwanamke wa kisimani, aliyekuwa ameolewa mara tano, na mwanamume aliyekuwa naye siku ile hakuwa mume wake. Bwana aliketi pale amechoka, akamjua yeye ni nani na maisha yake yote, na bado akamwomba maji ya kunywa kutoka kwenye chombo chake. Halafu akakaa siku mbili nzima na watu wa kwao. Imeandikwa. Iko wazi, imenyooka, haihitaji Kigiriki wala mtaalamu. Nimeihubiri mara nyingi mpaka washarika wanaijua nitakapoishia. Ilikuwa kazi ya dakika moja kumfungulia ukurasa ule, kumshikia kile kioo cha mtoto, na kumpa simu. Ningempa, usiku ule ungekuwa umesikia sauti yake. Sikumpa, kwa sababu nilitaka afike mwenyewe, kwa barabara yangu.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni baya kuliko hilo. Jumapili iliyofuata nilimtumia Baba kwenye mahubiri. Sikutaja jina, nilisema mzee mmoja, anayempenda mtoto wake lakini anasubiri kibali cha karatasi ili ampende. Watu wakaguna, wengine wakasema amina. Baba alikuwa amekaa mbele pale pale, amevaa sweta lako. Nilisubiri mkongojo ugonge sakafu. Haukugonga. Aliinamisha kichwa akatazama mikono yake, na mwalimu wa sayansi, aliyekaa karibu naye, akanitazama mimi kwa namna ambayo mpaka leo sijamuuliza maana yake.

Kiharusi cha pili kilikuja wiki hiyo, asubuhi, wifi yako akimnawisha uso. Kikachukua upande wa kulia na kikachukua ulimi. Tulimkimbiza hospitali. Daktari alikuwa mtu mwema, alituambia ukweli bila kutuzungusha: anaweza kusikia, anaweza asisikie, tuongee naye tu.

Nikaongea naye. Wodi ile ina madirisha makubwa na vitanda vimebanana, kwa hiyo kila ukisema jambo unalisema mbele ya watu. Nilikaa kwenye benchi nikafungua Biblia yake, nikauondoa ule mpira wa baiskeli, nikamsomea habari ya mwanamke wa kisimani kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, kidole juu ya karatasi. Nikamwambia, Baba, mstari wako ndio huu, nimeupata. Hata hapo nilisema nimeupata, kana kwamba nilikuwa nautafuta. Mgonjwa wa kitanda cha pili akasema amina. Nikamsomea tena. Nikamwomba ruhusa nikupigie simu niiweke karibu na sikio lake, anikubalie hata kwa kukonyeza, lakini macho yalibaki yametazama dari.

Chozi lilimtoka jicho la kulia, likashuka mpaka sikioni. Ningekuwa nahubiri ningekuambia mengi kuhusu chozi lile. Lakini muuguzi alikuwa ameshatueleza kwamba jicho lile haliwezi kufumba tena, kwa hiyo linatoa maji lenyewe. Lilikuwa linatoka kabla sijaanza kusoma na liliendelea nilipomaliza. Sijui, dada. Nimeligeuza kichwani kila upande na sijui. Alifariki kesho yake mchana, wifi yako akiwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa nimekwenda kununua dawa.

Mafundi wenzake walikuja, hata wale wasioweza tena kupanda ngazi. Walilijenga kaburi wenyewe na wakapima kingo zake mara tatu, wakibishana kwa sauti za chini. Tulimzika na sweta. Ndugu mmoja alisema avalishwe suti. Wifi yako akasema sweta, na kwa namna alivyosema hakuna aliyeongeza neno. Sikuhubiri mimi. Nilimwomba mwenzangu wa kanisa alilokuwa akihudhuria Baba, mhubiri wa mtindo wake, naye alisimama akasema kwamba wafu watafufuka na miili yao, na kwamba mzee huyu atamwona mkewe kwa macho yake. Hakutoa maelezo. Nilikuwa na maelezo yote mdomoni, nikayameza. Na nilipotazama ule udongo, dada, nilitamani kwa moyo wangu wote iwe kama alivyosema, hivyo hivyo, neno kwa neno.

Nimewaomba wazee wa kanisa wanipumzishe mimbarini kwa muda. Wengine wanadhani nimeacha niliyokuwa nafundisha. Sijaacha. Bado naamini kwamba mistari ile uliyosomewa mlangoni haikuandikwa kwa ajili yako, na kwamba aliyeiandika angeona aibu kuona imefanywa komeo. Bado Yona namsoma kama zamani. Lakini mtu alinijia na lugha pekee aliyoijua, akaomba apewe neno moja kwa lugha hiyo ili amrudishe mwanawe, nami nikamwambia ajifunze kwanza lugha yangu. Nimetafuta jina la kitu hicho kwenye vitabu vyangu vyote. Baba asingehangaika; angesema imeandikwa, na angeniambia wapi.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Una haki ya kukasirika, na hasira yako ya zamani sasa imepata mtu mwingine wa kuibeba pamoja na Baba. Nilitaka tu ujue kwamba alikutafuta. Kwa kidole, kwa kioo cha kuangalizia wadudu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka macho yakauma. Usije ukaishi ukidhani ule mlango alioufunga alilala nyuma yake usingizi mzuri.

Wifi yako anasema njoo, na usije peke yako. Anasema mezani kwetu kuna nafasi na hataki kusikia habari za hoteli. Watoto wanataka kumjua shangazi yao. Mkubwa ameomba picha yako na ameiweka kwenye simu yake. Ukiona huwezi kuja sasa, niandikie, hata kama ni kunitukana. Nitasoma kila neno.

Msalimie sana shemeji. Wiki ile aliyovaa sweta kwa mara ya kwanza, Baba aliniuliza jambo moja juu yake. Alitaka kujua kama yule mwanamume anakutunza vizuri. Nilimjibu kwamba sina habari kamili. Akaniambia nikuulize. Sikukuuliza, nilikuwa na mambo mengi, na swali nililiona dogo.

Dada, anakutunza vizuri?

Ni mimi mdogo wako,
ambaye bado anakaa barazani alasiri.